Mama aliingia kliniki akaninong'oneza: "Mwanangu, kuna msiba?"

Mwana wa Pangani (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Mwezi uliopita nilimpeleka mama yangu kliniki ya presha hapa Dar es Salaam. Mama ana miaka 74, amezoea Pangani, mjini huja kwa shida tu. Tulifika saa 12 na nusu asubuhi tukapewa namba 38. Mlangoni mwa ukumbi wa kungojea mama akasimama, akatoa salamu kwa sauti ya kusikika: "Asalaam aleikum. Habari za asubuhi, jamani." Ndani mlikuwa na watu si chini ya arobaini. Waliojibu ni wawili, mzee mmoja aliyevaa kanzu na mlinzi.

Tukapata nafasi kwenye benchi. Mama akatazama kulia, akatazama kushoto. Kimya, na vichwa vyote vimeinama. Akanisogelea sikioni: "Mwanangu, kuna msiba?"

Nikamwambia hapana mama, watu wanaangalia simu.

"Wote?"

Wote. Akajifunga kanga yake vizuri, akatulia.

Naomba mnisikilize hadi mwisho, kwa sababu kinachoniuma zaidi hakiwahusu wale watu arobaini. Mimi nami nilitoa simu. Nikaandika kwenye kundi la ukoo: "Tumefika salama, tunasubiri kuitwa." Majibu yakamiminika. Shangazi yuko Tanga, binamu yuko Muscat, wajukuu wametawanyika kila mahali. Huyu pole, huyu dua. Nikamsomea mama. "Waambie nimesikia," akasema, akarudi kutazama ukuta. Nikaendelea kujibu ujumbe mmoja baada ya mwingine. Tulikaa pale zaidi ya saa tano. Katika muda huo watu kumi na tisa walimpa mama pole kupitia kwangu, na mimi niliyekuwa nimegusana naye bega sikumwuliza hata mara moja anajisikiaje.

Niwaeleze mama ametoka wapi. Pangani mjini na Bweni vimetengwa na mto, na watu tulikuwa tukivuka kwa kivuko. Kivuko kikiwa ng'ambo, unangoja. Nilipokuwa mtoto, katika kungoja huko ndimo nilimojua bei ya nazi, nani anaoza binti, chombo cha nani kimerudi kitupu. Hakuna aliyeniita kunieleza. Yalizungumzwa tu na mimi nipo. Na wengi wa wazungumzaji hawakuwa wakijuana. Mmoja katoka Kipumbwi, mwingine Mkwaja, mwingine ni mgeni wa Tanga anafuata deni lake. Wakishuka upande wa pili kila mtu na njia yake, pengine hawaonani tena. Lakini kwa ile nusu saa walikuwa watu wa mahali pamoja.

Tukizungumzia simu, wengi huzungumzia mume na mke mezani, au watoto na michezo ya kwenye simu. Hayo yana wasemaji wake. Mimi nalilia yale maneno madogo kati ya watu wasiojuana. Ndugu na marafiki simu imewasogeza, sikatai. Aliyesogezwa mbali ni jirani wa benchi.

Nimelifikiria sana jambo hili na nimeona linavyotokea. Mazungumzo na mgeni hayaanzi kwa sababu mtu kapanga kuzungumza. Yanaanza kwa sababu kimya kimezidi. Mtu anakohoa. Mwingine anasema, "Leo wamechelewa kufungua." Wa tatu anaitikia, "Juzi walifungua saa tatu." Wa nne anauliza, "Kwani wewe juzi ulikuwepo? Una nini?" Hapo mlango umefunguka. Sasa kile kimya cha mwanzo, kile kinachomfanya mtu akohoe, hakipati nafasi ya kuiva. Kabla hakijatimiza dakika moja, mkono umeshaingia mfukoni.

Mimi ni mwalimu, nikaenda kutafuta kama kuna waliolichunguza. Wapo. Mwaka 2019 Kostadin Kushlev na wenzake walichapisha utafiti ambamo watu wasiojuana waliwekwa wawili wawili chumbani wangoje, baadhi wakiwa na simu zao na wengine hawana, huku kamera ikiwarekodi nyuso. Wenye simu walitabasamu kidogo kuliko wasio nazo. Hapakuwa na ugomvi wala chuki, tabasamu tu lilipungua.

Miaka miwili kabla ya hapo, Kushlev huyo huyo na wenzake wawili waliwatuma watu watafute jengo fulani, wengine na simu, wengine bila simu. Wenye simu walilipata kwa urahisi zaidi, ila walijihisi wametengana na watu zaidi. Niliposoma hivyo nikaikumbuka Kariakoo. Zamani huwezi kufika kona ya Narung'ombe na Sikukuu bila kusimamisha watu watatu, na mmoja wao lazima akusindikize hatua chache huku anakuuliza umetoka wapi. Leo ramani inakufikisha bila kufungua mdomo.

Nauliza wadau: huko mliko hali ikoje? Na je, nakosea?

Kahawa Chungu

Mkuu, hujakosea, ila niongeze la Unguja.

Mimi nimekulia Mji Mkongwe. Baraza zetu, yale mabenchi ya mawe yaliyojengwa pamoja na nyumba, yalikuwa ndiyo gazeti. Unapita, unatoa salamu, unaitwa, "Karibu kahawa," unakaa. Muuzaji anapita na dele lake la kahawa na vikombe vinalia mkononi, unamsikia kabla hujamwona.

Watu husema mitambo ndiyo iliyoua baraza. Mimi nasema inategemea mtambo gani. Zanzibar ilipata televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati Bara waliingoja hadi 1994. Majumbani walikuwa nayo wachache, kwa hiyo watu walitazama kwa pamoja. Pale Jaws Corner, Sokomuhogo, hadi leo ukipita jioni kuna kahawa, kuna dhumna, kuna siasa. Televisheni moja ilikuwa na macho mia, na yeyote aliyesema neno kuhusu kinachoonyeshwa alisikiwa na wote. Redio nayo vivyo hivyo: taarifa ya habari ikisomwa, baraza zima linanyamaza, ikiisha baraza zima linabishana.

Simu ni mtambo wa kwanza ambao kila mtu anatazama chake. Huyu mpira, huyu mawaidha, huyu harusi ya jirani. Mtu akicheka barazani hatujui kacheka nini, na kumwuliza tunaona kama tunamchungulia. Hilo kwangu ndilo lililobadilika. Kicheko zamani kilikuwa cha wote.

Dada wa Gongolamboto

Nimewasoma nyote wawili kwa heshima. Sasa nisikilizeni na mimi.

Kila siku napanda daladala kwenda kazini na kurudi, jumla saa tatu hadi nne. Nilipoanza kazi sikuwa na simu ya kupangusa, nilikuwa na kitochi. Mnajua "maneno madogo" niliyopata? "Mrembo unashukia wapi?" "Mbona umenuna?" "Nipe namba basi." Nikinyamaza natukanwa, nikijibu nafuatwa hadi kituoni. Siku niliyonunua simu janja na visikilizio vya masikioni ndiyo siku ya kwanza niliyosafiri kwa amani. Mara nyingi hata muziki sijaweka. Nimeviweka tu ili nionekane sisikii.

Na hizo baraza mnazozililia, sisi tulikuwa wapi? Mama zetu walipita mbele ya baraza wakiwa wameinamisha vichwa, na kilichowainamisha hakikuwa simu. Mazungumzo yetu yalikuwa uani, kisimani, kwenye kusuka nywele. Huko hamkuwepo, kwa hiyo hamjui kama yamekufa au yako hai.

Sisemi mama yako hakustahili salamu. Salamu ya mzee ningeitika, tena kwa shikamoo. Ila usinitake niache ngao yangu bila kuniambia nitakingwa na nini.

Mwana wa Pangani

Dada, nimesoma ujumbe wako mara tatu. Umenigusa, na sina la kukupinga. Niliandika kana kwamba benchi lile lilikuwa la wote kwa usawa. Halikuwa.

Umenikumbusha kitu nilichokisoma nikakipita haraka kwa kuwa hakikuniunga mkono. Miaka ya karibu na 1980 kulikuwa na Mmarekani, William Whyte, ambaye yeye na wenzake walirekodi filamu za watu katika maeneo ya wazi mijini, ikiwemo Bryant Park na ngazi za jumba la makumbusho la Metropolitan, New York. Miaka 30 baadaye Keith Hampton na wenzake wakarudi kurekodi maeneo yale yale wakalinganisha. Walitegemea kukuta wengi wameinamia simu. Wakakuta watumiaji wa simu ni wachache kuliko walivyodhani, wengi wao wakiwa peke yao, na badiliko kubwa lililojitokeza ni kwamba wanawake walikuwa wameongezeka hadharani. Zile zilikuwa picha za 2008 hadi 2010, kabla simu janja hazijaenea kama leo, kwa hiyo sitaki kuzibebesha mzigo usio wake. Lakini zinanionya nisiipambe jana.

Hata hivyo niruhusu neno moja. Nicholas Epley na Juliana Schroeder walichapisha mwaka 2014 majaribio waliyofanya kwenye treni za Chicago. Abiria wengine waliombwa wazungumze na jirani wasiyemjua, wengine wakae kimya, wengine wafanye kama siku zote. Waliozungumza walishuka wakiwa na furaha zaidi, wakati watu walioulizwa kabla walitabiri kwamba kuzungumza ndiko kutakuwa karaha. Ninachokiona humo ni kwamba tunamwogopa jirani kuliko anavyostahili kuogopwa. Ila wale waliombwa waanze wao wenyewe. Kwako wewe, mwingine ndiye anayeanza, na anaanza vibaya. Hizo ni habari mbili tofauti, na nilizichanganya.

Konda Mstaafu

Nimepiga debe na kufanya ukonda miaka mingi njia ya Mbagala. Niwape nililoliona kwa macho.

Kuna mataa ambayo gari likisimama kwenye foleni, vibaka wanakwapua simu dirishani. Abiria wa njia ile wanapajua. Gari likikaribia, nilikuwa nasema tu, "Wazee, madirisha," na simu zote zinaingia mifukoni, chini ya makalio, ndani ya mikoba. Foleni pale inaweza kufika dakika ishirini.

Basi, dakika zile ndizo gari langu lilikuwa linachangamka. Mama wa nyuma anaanza kusimulia alivyoporwa. Kijana anamuuliza polisi walisemaje. Mzee analaumu barabara. Mwanafunzi anapakatiwa begi. Mpaka kuna watu walikuwa wakishuka wanaagana kwa mkono. Tukivuka mataa, simu zinarudi na gari linapoa.

Kwa hiyo mtu asiseme watu wa siku hizi hawajui kuongea. Wanajua vizuri sana.

Mikono Inasema

Mimi ni kiziwi. Nachangia kwa sababu watu wakizungumzia simu hadharani sisi hatutajwi.

Ukiniona nimeinamia simu kituoni, pengine naangalia mikono ya dada yangu aliye Mwanza. Kabla ya simu za video tulikuwa tunaonana mara moja kwa mwaka, na barua tu katikati. Leo tunaongea kwa lugha ya alama kila siku. Na kwenu mnaosikia, simu ndiyo inayonifikisha: naandika kwenye kioo, namwonyesha muuza duka, naye ananiandikia. Zamani nilibeba daftari na watu walikwepa kushika kalamu yake kama vile nina ugonjwa.

Lakini kuna jambo moja ninalokubaliana na mwenye uzi, na pengine nalijua kuliko nyie. Salamu yetu inaanzia machoni. Sina sauti ya kukuita. Nikitaka kukuuliza kama hili ndilo gari la Temeke, nangoja uinue macho. Zamani nilingoja sekunde chache. Siku hizi nasimama mbele ya watu kumi na hakuna hata mmoja anayeinua uso, nami naona haya kumgusa mtu bega. Magari mawili yanapita.

Boda wa Mtaa wa Pili

Mchango mfupi. Kijiweni kwetu tuko kumi na wawili. Zamani mteja alikuwa anakuja kijiweni, na sisi tulikuwa na zamu. Zamu ilitulazimisha kuangaliana: nani katoka, nani karudi, nani hajala leo. Sasa mteja anapiga simu moja kwa moja au anaitisha kwenye programu. Zamu imekufa. Nikiweka simu mfukoni ili nipige stori na wenzangu, mkate wa wanangu unapita.

Kwa hiyo mwalimu, wengine hatuchezei simu. Tuko kazini. Lakini ni kweli kwamba juzi mwenzetu amekaa siku nne bila kuja kijiweni kabla mtu hajauliza yuko wapi. Alikuwa kalazwa.

Mwana wa Pangani

Wadau, nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka nirudi na kitu.

Kwanza, Mikono Inasema: asante sana. Tangu nisome ulichoandika, nikiwa kituoni nainua uso. Nimekuwa nikitazama nyuso za watu kwa makusudi, nione kama kuna anayetaka kuuliza. Jumatatu alikuwepo mmoja. Hakuwa kiziwi, alikuwa mama mgeni mwenye karatasi ya anwani, amesimama hapo muda mrefu hajapata wa kumwonyesha. Alikuwa anatafuta nyumba iliyo mtaa wa nyuma ya kituo.

Konda, hayo ya mataa nimewasimulia wanafunzi wangu wa kidato cha tatu, na darasa zima likaanza kunyoosha vidole. Karibu kila mmoja ana mahali pake ambapo simu hufichwa na watu wakaanza kuongea: umeme ukikatika na chaji imeisha, bando likiisha, kwenye gari la kijijini ambako mtandao haushiki. Mmoja akasema kwao ni msibani, kwa kuwa babu yake akikuona na simu chini ya turubai anakunyang'anya. Hapo nikamkumbuka mama na swali lake. Msibani kwao hawainami kimya. Anayelia analia, lakini wanaomzunguka wanazungumza usiku kucha, ndiyo kazi waliyoijia.

Sasa nililotaka kuwaambia. Jana mama alikuwa na tarehe ya kurudi kliniki ile ile. Safari hii simu yangu niliiacha kwenye mkoba wake, na ukoo niliwaambia mapema watapata habari jioni. Binamu wa Muscat alilalamika, akasema yeye yuko mbali na ujumbe ndio mkono wake. Nilimwelewa. Nikamwahidi nitampigia tukitoka, aongee na mama mwenyewe badala ya kuongea na mimi kuhusu mama.

Mama alikuwa amebeba ukindu na ukili aliouanza Pangani. Alitoa salamu mlangoni, safari hii waliitikia watano au sita, akakaa, akaanza kusuka. Mimi nikamwuliza habari za usiku, za dawa, za mguu. Tulipomaliza hayo tukakaa kimya, nami nikakiacha kimya kiwe kirefu.

Jirani yake alikuwa binti wa miaka ishirini hivi, amemsindikiza baba yake, visikilizio masikioni, anapangusa kioo. Nilimkumbuka Dada wa Gongolamboto, nikajisemea tusimsumbue. Baada ya kama robo saa, macho ya yule binti yakaanza kuhama kutoka kwenye kioo kwenda kwenye vidole vya mama. Akatoa kisikilizio kimoja. Baadaye cha pili.

"Shikamoo bibi. Hiki ni nini?"

"Marahaba mwanangu. Ukili. Wa mkeka."

Akaomba ruhusa achukue video. Mama akasema chukua, ila usinitoe na huu ushungi wa safari. Binti akarekodi mikono tu. Kisha akamwonyesha mama mikono yake mwenyewe kwenye kioo. Mama hakuwahi kuiona hivyo. Akacheka, akasema kumbe kidole hiki kimepinda kiasi hiki. Baba wa binti akainama aone. Mwanamke wa benchi la nyuma akasema kwao Mafia wanasuka hivyo hivyo lakini wanatia rangi. Mama akageuka mwili mzima: rangi gani, wanaipata wapi siku hizi? Wakaanza.

Wengine hawakuinua vichwa, na sikuwahesabu. Namba yetu ilipoitwa, nilimshika mama mkono asimame, akaniambia ngoja. Binti alikuwa ameshika ncha ya ukili mwenyewe, na mama alikuwa hajammalizia kumwonyesha namna ya kuunga ukindu unapoisha.